Stirio ya marehemu baba imekaa stoo miaka 15: niiwashe, niitengeneze au niitupe?

"Shikamoo mtaalamu. Mzee wangu alifariki mwaka jana, na mama akanikabidhi stirio yake yote: amplifaya nzito ya miaka ya 1970 yenye redio na taa za buluu mbele, mashine ya santuri ya kuzungushwa na mkanda, deki ya kaseti, na spika mbili zinazonifika kiunoni. Zimekaa stoo zaidi ya miaka 15 zikiwa zimefunikwa shuka. Mara ya mwisho zilipotumika zilikuwa nzima kabisa. Fundi mmoja kaniambia nitupe kwa sababu vipuri vyake havipo tena. Mwingine anataka kubadilisha kapasita zote, na hata kifuniko hajakifungua. Rafiki yangu anasema nichomeke tu kwenye umeme, nobu zikikwaruza nipulizie dawa ya kulegeza kutu. Halafu kuna kaseti ambazo mzee alijirekodi akiongea na sisi tulipokuwa wadogo. Naogopa kuharibu. Na niambie ukweli: ile sauti ninayoikumbuka ilikuwa nzuri kweli, au ni utoto tu?"

Marahaba, na pole sana kwa kuondokewa na mzee. Umeuliza mengi kwa pamoja, lakini nionavyo hofu yako ni moja: usije ukaua kwa mkono wako kitu alichokitunza mwenyewe. Una haki ya kuogopa. Kwa hiyo kwa leo usichomeke chochote kwenye umeme. Usitupe pia, maana huyo fundi wa kwanza amekuhukumia chombo ambacho hajakipima.

Tuanze na hilo la "zilikuwa nzima zilipozimwa". Ndilo linalowaponza wengi. Kwa chombo cha aina hii, kukaa bila kutumika nako kunachakaza, tena wakati mwingine kuliko kutumika. Ndani yake kuna vitu ambavyo miaka 50 haivisumbui sana: transfoma, rizista nyingi, transista nyingi, koili, bati la kasha. Na kuna vitu laini ambavyo muda unavila taratibu hata kama hakuna anayevigusa: mpira, sponji, gundi, grisi, kimiminika kilichomo ndani ya kapasita, na kila mahali ambapo chuma hugusana na chuma ili umeme upite. Karibu kila ugonjwa utakaoukuta kwenye stirio ya mzee utakuwa umeanzia kwenye hilo kundi la pili. Ukilijua hilo, hutaogopa mashine nzima tena, utajua pa kutazama.

Tuchukue kapasita, vile vipuri vinavyohifadhi umeme kwa muda, kwa kuwa ndizo zinazofanya nikukataze kuwasha. Ndani ya zile kubwa za mviringo kuna ukanda mwembamba wa alumini uliofunikwa na utando wa oksaidi, na kimiminika kinachougusa. Huo utando ndio unaozuia umeme usipite. Chombo kikiwa kinatumika, umeme wenyewe huendelea kuuimarisha. Kikikaa miaka mingi bila umeme, utando hudhoofu. Sasa ukiwasha ghafla kwa nguvu zote, umeme huvuja ndani ya kapasita, inapata joto, gesi inajaa, na inaweza kupasuka au kupiga shoti na kuondoka na vipuri vingine vilivyokuwa vizima. Si lazima itokee. Amplifaya nyingi huwashwa hivyo na zikapona. Lakini hii ni ya mzee, kwa nini tucheze bahati nasibu?

Namna ya kuiamsha ni ya taratibu. Fundi anayejua kazi huunga balbu ya zamani, ile ya waya unaowaka ndani, ya wati 60 au 100 kulingana na ukubwa wa amplifaya, mfululizo kwenye njia ya umeme unaoingia, yaani umeme upite kwanza kwenye balbu ndipo ufike kwenye amplifaya. Balbu ya LED haifai hapa. Anawasha, spika zikiwa hazijaunganishwa, na anaitazama balbu. Kama ndani ni salama, balbu itawaka kwa nguvu kitambo kidogo kapasita zinapojaa, halafu itafifia mpaka waya ubaki na wekundu hafifu au uzimike kabisa. Ikibaki inang'aa vilevile, kuna shoti ndani, na balbu imeubeba mzigo ambao ungeziunguza transista. Wengine hutumia transfoma ya kupandisha volti polepole, na hiyo pia ni njia nzuri. Wewe mwenyewe usiijaribu kama hujazoea kazi za umeme wa ukutani: waya ukiwa wazi mahali pamoja tu, unaweza kuua mtu. Na ukifungua kifuniko kwa udadisi, kumbuka kapasita kubwa hubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa.

Kabla ya hayo yote, geuza amplifaya usome nyuma imeandikwa volti ngapi. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni za volti 100, za Marekani ni 120, nyingine ni 220 hadi 240, na baadhi zina kiteuzi ambacho huenda mtu alikigeuza miaka mingi iliyopita. Kagua na waya wa umeme wenyewe: ukiukunja ukaona ganda linapasuka, ubadilishwe kwanza. Na hapohapo nikutoe wasiwasi wa redio. Kama amplifaya ilitengenezwa kwa soko la Japani, FM yake inaishia megahezi 90 hivi, kwa hiyo vituo vya juu zaidi ya hapo havitaingia hata fundi afanye nini. Hiyo si hitilafu.

Sasa dawa ya kulegeza kutu. Rafiki yako ana nia njema, ila asikusogelee na hilo kopo. Unapozungusha nobu ya sauti ukasikia "krrr, krrr" kwenye spika, au upande mmoja ukapotea mpaka uguseguse, ni kwa sababu sehemu za kugusana zimeshika vumbi na oksaidi. Dawa ya kutu huacha mafuta, mafuta hukamata vumbi, na baada ya miezi michache hali inakuwa mbaya zaidi. Isitoshe, inaweza kula njia ya kaboni iliyo ndani ya nobu na kuondoa ile grisi iliyokuwa ikiifanya izunguke kwa ulaini. Inatakiwa dawa maalumu ya kusafishia viunganishi vya elektroniki, inayopulizwa kidogo tu kwenye kitundu cha nobu au swichi chombo kikiwa kimezimwa na plagi imechomolewa. Kisha unazungusha mwanzo hadi mwisho mara nyingi, unaacha ikauke. Sikuahidi, lakini sehemu kubwa ya amplifaya zinazoitwa mbovu hurudi kwa kazi hii tu. Kuna na relei ya kulinda spika, ile inayolia "tik" sekunde chache baada ya kuwasha. Ikichafuka, upande mmoja hukata ukiweka sauti ndogo na kurudi ukipandisha. Ukikuta dalili hiyo mwambie fundi neno "relei" kabla hajaanza kutoa transista.

Je, kapasita zote zibadilishwe? Hapa mafundi wazuri wenyewe hawakubaliani, nami nitakupa msimamo wangu. Sipendi kubadilisha zote kwa pamoja kabla ya kupima. Kila kipuri kinachotolewa ni nafasi ya kukosea: njia ya shaba kwenye bodi ya zamani huinuka kwa joto la kulehemia, kapasita inawekwa kinyume, na ukiongeza 60 mpya kwa mkupuo mmoja halafu chombo kikakataa, hujui pa kuanzia kutafuta. Zilizovimba, zilizovuja, au zilizopimwa zikakutwa dhaifu, zitoke leo hii. Zilizo karibu na vipozeo vya moto nazo zitazamwe kwa jicho kali, kwani kila joto linapopanda nyuzi 10 za sentigredi, maisha ya kapasita hupungua kwa takriban nusu. Zinazobaki ziachwe zifanye kazi. Ila kuna kitu kimoja ningependa fundi akitafute bila kuulizwa: gundi. Viwanda vingi vya miaka ya 1970 na 1980 vilishikiza kapasita kwenye bodi kwa gundi ya rangi ya maziwa au njano. Ikizeeka hugeuka kahawia, huanza kupitisha umeme na kula miguu ya vipuri vilivyo karibu. Watu huiona wakadhani kapasita imevuja. Ikwanguliwe yote.

Amplifaya ikishaamka, kuna kipimo kimoja kisichorukwa kabla ya kuunganisha spika: mita inawekwa kwenye terminali za spika kupima umeme wa mkondo mnyoofu, ule wa aina ya betri. Muziki ni umeme unaokwenda na kurudi. Huu mwingine haupaswi kuwepo. Chini ya milivolti 50 hivi, hakuna neno. Ukipita 100, irudi mezani. Ukikuta volti nzima kadhaa, huenda transista ya mwisho, ile inayosukuma spika, imekufa, na ukiunganisha spika utaiona koni ikisukumwa mbele na kubaki hapo huku koili ikiungua. Transista hizo zikihitajika, usinunue za bei ya kutupa, maana bandia zimejaa: nembo ni ileile, kilicho ndani ni kidogo, na zinaungua siku ya kwanza ukipandisha sauti. Kusema "vipuri havipo" ni kweli kwa baadhi ya saketi zilizofungwa ndani ya kipande kimoja. Kwa transista na kapasita za kawaida, mbadala mwingi upo na hufanya kazi vizuri.

Spika zako nazo, hizi unaweza kuzikagua mwenyewe leo. Toa kitambaa cha mbele. Tazama duara linalounganisha koni kubwa na fremu yake, kisha liguse kwa ncha ya kidole, taratibu mno. Kama ni mpira au kitambaa kilichokunjwa, huenda bado liko imara. Kama ni sponji, kuna uwezekano mkubwa litaacha unga mweusi unaonata kidoleni, au kidole kitapita upande wa pili. Usijilaumu. Sponji ya zama hizo huoza kwa unyevu na hewa hata ikiwa ndani ya boksi, mara nyingi ndani ya miaka 15 hadi 25. Usipige spika katika hali hiyo, maana koni haishikiliwi tena vizuri katikati, na koili inaweza kujikwaruza kwenye sumaku mpaka ikatike.

Wauzaji wengi watakwambia ununue spika mpya. Kabla ya kufanya hivyo, jua kwamba sponji peke yake inabadilishika. Zinauzwa duara zenye ukubwa maalumu. Unakwangua ya zamani yote na gundi yake, unabandika mpya kwanza kwenye koni, kisha kwenye fremu, huku ukiisukuma koni juu na chini kwa vidole vya mikono yote miwili na kusikiliza. Isikwaruze popote. Ukisikia hata mkwaruzo mdogo, unasogeza kabla gundi haijashika. Ni kazi ya subira zaidi kuliko ujuzi, haina umeme wa hatari, na kati ya kazi zote ulizonazo ndiyo ningekutia moyo uifanye kwa mikono yako. Pima kipenyo vizuri kabla ya kuagiza, na chukua ya sponji au mpira kulingana na iliyokuwepo, kwa sababu mpira mzito kwenye koni iliyoundwa kwa sponji hubadilisha besi.

Mashine ya santuri ndiyo iliyo rahisi kuliko zote. Mkanda wake utakuwa umelegea au umeganda umbo la pembe. Mpya hununuliwa kwa urefu na upana. Weka tone la mafuta mepesi kwenye ekseli ya sahani. Lakini sindano usiipe nafasi. Almasi ya sindano hudumu kama saa 500 hadi 1,000 za kucheza, na hakuna ajuaye mzee aliichezesha saa ngapi. Sindano iliyolika haikuonyeshi kosa lake mapema: inachimba kuta za mfereji wa santuri, na hilo halirudi tena. Kwa hiyo nunua sindano mpya kabla ya kushusha mkono kwenye santuri hata moja ya mzee, kisha rekebisha uzito kama maelezo ya katriji, kile kipande kinachoshika sindano, yanavyosema, mara nyingi gramu 1.5 hadi 2. Watu hudhani uzito mdogo hulinda santuri. Ukiwa mdogo kupita kiasi, sindano hurukaruka na kugonga kuta, na inaumiza zaidi.

Waya za mashine hiyo ziingie penye maandishi PHONO tu. Santuri hukatwa, yaani hurekodiwa, besi ikiwa imepunguzwa na sauti kali zikiwa zimeongezwa, kwa kanuni iliyokubaliwa tangu 1954, na mlango wa PHONO ndio unaorudisha mizani hiyo na kukuza ishara ambayo ni ya milivolti chache tu. Ukichomeka hapo simu au CD, utapata kelele iliyovurugika. Hizo nenda nazo AUX, zitapiga vizuri sana. Ukisikia mvumo mzito usioisha, funga ule waya mwembamba wa mashine kwenye skrubu iliyoandikwa GND. Mvumo mwingi huishia hapo.

Kaseti. Hapa nakuomba uniamini. Usiingize kaseti ya mzee ndani ya deki ile kwa sasa, hata kwa sekunde 10. Mikanda ya mpira iliyo ndani ya deki za zamani hugeuka kuwa kitu kama lami, na roli ya mpira inayovuta utepe hung'aa na kuwa ngumu. Deki ya namna hiyo itautafuna utepe. Fundi abadilishe mikanda, asafishe ile lami kwa spiriti, asafishe roli na hedi, ile sehemu inayosoma utepe, kisha mjaribu na kaseti isiyo na thamani, pande zote mbili, mpaka mwisho. Wakati huohuo kagua kaseti za mzee kwa macho. Vunja vile vipembe viwili vya plastiki mgongoni kama bado vipo, ili asitokee wa kurekodi juu yake kwa bahati mbaya. Angalia kama kile kipande kidogo cha sponji chenye bati, katikati ya mdomo wa kaseti, bado kimeshika. Gundi yake hukauka kikadondoka, na sauti ikasikika kama imefunikwa blanketi. Hicho unaweza kukihamisha kutoka kaseti nyingine. Utepe ukiwa na ukungu mweupe, usiucheze popote, mpelekee mtu anayehifadhi kumbukumbu za sauti. Ukiwa safi, na deki ikishapona, uzungushe mbele mpaka mwisho na nyuma mpaka mwanzo ili ulegee, halafu siku ya kuucheza kwa mara ya kwanza uwe unarekodi kwenye kompyuta. Usisikilize kwanza ndipo urekodi. Na kama kaseti hizo ndizo pekee zinazokugusa kwenye deki hiyo, pengine ni nafuu kuzipeleka kwa mtu mwenye deki nzima, kwa sababu kati ya vyombo vyako vyote deki ndiyo yenye kazi nyingi na maisha mafupi baada ya kutengenezwa.

Sasa swali lako la mwisho. Hapana, si utoto tu. Kufikia nusu ya pili ya miaka ya 1970 amplifaya nzuri za transista zilikuwa zimeshafikia usafi ambao sikio haliwezi kuutofautisha na za leo. Kilichopungua majumbani ni ukubwa wa spika: besi ya chini inahitaji kusukuma hewa nyingi, na boksi linalofika kiunoni lenye koni ya inchi 10 au 12 hufanya hivyo bila kujikamua. Kisha tafuta kitufe kilichoandikwa LOUDNESS. Sikio letu husikia besi kidogo sauti ikiwa ya chini, na kitufe hicho huongeza besi, na mara nyingi sauti kali pia, ili kufidia. Wazee wengi walikiacha kimebonyezwa siku zote. Ukishatengeneza kila kitu ukaona muziki umepoa, hausikiki kama wa nyumbani kwenu, kibonyeze kabla hujamlaumu fundi, na usogeze spika karibu na ukuta kama zilivyokuwa zimekaa zamani. Utoto una sehemu yake, sikatai. Mlikuwa mnakaa kitako kusikiliza upande mmoja wa santuri, dakika 20 na kitu, bila kuruka wimbo. Ukisikiliza hivyo tena utasikia mengi kwenye chombo chochote.

Kama fedha haitoshi kwa vyote, anza na amplifaya na sponji za spika. Hizo mbili zikiwa sawa unaweza kuchomeka simu na ukaanza kufurahi, mashine ya santuri ikafuata baadaye. Kuna mahali ningekuambia uache: transfoma ikiwa imeungua, au bodi imeliwa na uvujaji kiasi kwamba njia za shaba zimekatika ovyo. Hapo gharama hupita thamani, labda kama unalipa kwa ajili ya mapenzi, na hilo nalo ni haki yako.

Pale ambapo mtu wa kazi anahitajika hapana mjadala: fyuzi ikikata mara ya pili baada ya kubadilishwa kwa ileile ya kiwango chake (usiweke kubwa zaidi, wala kuizungushia waya), ukisikia harufu ya kuungua, koni ikisogea mbele na kubaki, au kama ukifungua utakuta taa za vioo (valvu) badala ya transista, kwa kuwa hizo hutumia mamia ya volti ndani. Unapomtafuta huyo mtu, muulize kabla hujamwachia chombo: ataiwasha kwa balbu au moja kwa moja? Atapima umeme mnyoofu kwenye terminali na mkondo wa transista zikiwa zimetulia? Transista anazipata wapi? Anayejibu kwa utulivu na kukuambia "sijui mpaka nifungue nipime" ndiye wa kumkabidhi. Mwombe asibadilishe nobu wala uso wa mbele, aandike alichokigusa, na akurudishie kila kipuri alichokitoa kikiwa kwenye mfuko.